Shule zikifungwa, kabati la vitabu lifunguliwe

Ndugu wasikilizaji, kila mwaka katika mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, shule zetu za msingi hufungwa. Siku hiyo mtoto wa darasa la nne, la tano au la sita hutoka mbio kama mshale, na nyumbani swali huwa ni moja: huyu sasa atafanya nini mpaka shule zifunguliwe? Mzazi wa mjini analo jibu lililozoeleka. Humfungia mtoto nguo zake katika mfuko, humpandisha basi na kumpeleka kwa bibi. Wengi huishia hapa jirani tu, katika Mkoa wa Pwani: Kisarawe, Kibaha, au Mlandizi, ule mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Morogoro, kiasi cha kilomita 60 hivi kutoka Dar es Salaam.

Mlandizi ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha. Pana soko, pana stendi, pana shule, na mto Ruvu hauko mbali. Kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni dunia kamili. Anaweza kurudi mjini akiwa amejifunza mambo ambayo darasani hayafundishwi. Anaweza pia kurudi na minyoo tumboni, uchovu machoni, na hadithi ya filamu aliyoitazama mara sita bila ya kuielewa. Tofauti ya mtoto huyu na yule si bahati. Ni matokeo ya yale ambayo watu wazima walimwandalia, au walisahau kumwandalia.

Wiki hii basi nataka tutazame nyuma kidogo. Wazee wetu, wakoloni waliotutawala, na serikali ya uhuru, wote kwa nyakati zao walijaribu kuzijaza saa za mtoto zilizo nje ya darasa. Walitumia hadithi, vitabu, sinema, redio, kazi za kujitolea na mafunzo ya afya. Baadhi ya juhudi hizo zilishika mizizi. Nyingine zilipita kama manyunyu, ardhi ikabaki kavu vile vile. Kwa nini? Maoni yangu ni kwamba mtoto hulishika lile alilopewa nafasi ya kulijibu na kulitenda. Lile aliloonyeshwa tu, halafu mwonyeshaji akaenda zake, huenda pamoja naye.

HADITHI ILIYODAI JIBU

Tuanze na zama za kabla ya shule hizi. Kwa Wazaramo na Wakwere wa sehemu hizi, kama kwa majirani zao wa mwambao, darasa la hadithi lilikuwa jioni, baada ya kazi za mchana. Mtambaji hakuanza kusimulia mpaka wasikilizaji wamemwitikia. Wakiitikia kwa unyonge, aliwaita tena. Kitendawili nacho hakikuwa mchezo wa kukaa kimya. Aliyeshindwa kukitegua alitakiwa kumpa mwenzake mji, na mwenzake akiuridhia mji huo ndipo alipotoa jibu. Watoto wengi wa zamani walijua majina ya miji ambayo hawakuwahi kuikanyaga, kwa sababu tu walishindwa vitendawili mara nyingi.

Baadaye hadithi zikaingia vitabuni. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyekuwa Unguja na ambaye baadaye alipata uaskofu, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Shule ya misheni hiyo ya Kiungani, Unguja, ndiyo iliyozaa chuo cha Mtakatifu Andrea, Minaki, huku kwetu Kisarawe, katika miaka ya 1920. Kwa hiyo wilaya hii haikuwa nyuma katika mambo ya kusoma. Walimu waliosomeshwa Minaki walitawanyika nchini wakiwa na vitabu mikononi.

Mwezi Januari mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1929 zikatoka kwa Kiswahili hadithi mbili za safari na hatari zilizokuwa zikipendwa na vijana wa Ulaya: Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mfasiri Frederick Johnson alihusika na zote mbili. Tunaweza kuwalaumu waandishi wa hadithi hizo kwa jinsi walivyomtazama Mwafrika, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo zilimpa mwanafunzi kitu ambacho kitabu cha hesabu hakikumpa: hamu ya kutaka kujua ukurasa unaofuata una nini.

Tatizo lilikuwa ni uchache wa vitabu. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi. Pamoja na kuchapisha vitabu, ofisi hiyo iliendesha maktaba ya masanduku na ya posta. Sanduku la vitabu lilipelekwa mahali, likakaa kwa muda, kisha likabadilishwa na jingine. Ulikuwa ni mpango wa busara kwa nchi kubwa yenye fedha kidogo. Lakini sanduku ni mgeni, na mgeni hatimaye huaga.

LORI LA VUGIRI

Sasa niwapeleke kidogo mbali na Mlandizi, kwenye milima ya Usambara karibu na Korogwe, kwa sababu huko ndiko sinema ya kufundishia Waafrika wa Afrika Mashariki ilikojaribiwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mahali paitwapo Vugiri, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu fupi za mafunzo. Fedha zilitoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani. Wachezaji walikuwa watu wa kawaida wa huku huku kwetu. Picha hazikuwa na sauti ndani yake, hivyo maelezo yaliwekwa katika santuri, na santuri ilipigwa wakati picha ikionyeshwa. Lori lenye mitambo lilizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, likafika hata Rhodesia Kaskazini na Nyasaland, nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi.

Filamu hizo zilizungumzia kodi, benki ya posta, kilimo na malaria ya watoto wachanga. Moja ilihusu safura. Naomba tusimame hapo kwenye safura, maana ni ugonjwa unaomhusu sana mtoto wa umri tunaouzungumzia. Mayai ya mnyoo wa safura hutoka katika kinyesi cha mtu mgonjwa. Kikiachwa ovyo katika udongo wenye unyevu na kivuli, mayai hayo huangua viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mguu mtupu. Mwishowe hukaa matumboni na kunyonya damu. Mtoto hupauka, huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Dawa ya hospitali humtoa mnyoo, lakini mtoto akirudi kukanyaga pale pale peku, mnyoo hurudi. Kinga yake ni choo na viatu.

Hayo yalielezwa kwenye turubai tangu miaka ya 1930, na yalielezwa sawasawa. Watu walikusanyika, watoto wakiwa mbele kabisa, kwani ni wapi sinema ikaonyeshwa watoto wasiwe mbele? Lakini asubuhi yake lori liliondoka. Aliyekuwa na swali alimwuliza nani? Santuri haijibu swali. Hakuna aliyebaki pale kuuliza, wiki mbili baadaye, nani amechimba na nani hajachimba. Mwaka 1937 mradi wenyewe ulifungwa, na wakati huo vijiji vingi vilikuwa bado havina vyoo.

Sinema haikuishia hapo. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, juu ya vituko vya mtu wa shamba anayekuja mjini. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali katika idara ya ustawi wa jamii. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Hapana shaka mtoto aliyecheka mbele ya turubai mwaka ule hakudhani kwamba anamtazama Waziri Mkuu wa baadaye. Filamu hii ilipendwa kwa sababu ilikuwa na watu wanaofanana na watazamaji, wakisema maneno ya watazamaji. Hilo ni somo la kwanza: mtoto hatazami tu kinachong'aa, hutafuta pia kinachomhusu.

KIBAHA NA MAADUI WATATU

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mahali pamoja ambapo vita hiyo ilipangwa kwa pamoja ni hapa Kibaha. Mwaka 1963 ulianza mradi wa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, zikiwemo Denmark, Finland, Norway na Sweden. Chini ya mwavuli mmoja ziliwekwa shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali yetu, ukaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya ndicho kilichokua kikawa hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Shirika hilo lina pia maktaba ya umma, mahali ambapo mtu asiye mwanafunzi wa shule ile anaweza kuingia na kusoma.

Tazameni tofauti, ndugu wasikilizaji. Lori la Vugiri lilikuwa linapita. Kibaha ilikuwa ni nyumba. Ilikuwa na mlango, na aliyekosa leo aliweza kurudi kesho. Wazo hilo hilo lilikuwa nyuma ya huduma za maktaba nchini. Sheria ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, kazi ikaanza mwaka uliofuata, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mpaka leo ina sehemu ya watoto, na ni aibu kidogo kwamba wako wazazi wanaopita mbele ya jengo lile kila siku wakienda kazini bila ya kuwapeleka watoto wao hata mara moja.

Kujitolea nako kulikuwa hewani wakati ule. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na vijana wake wa kwanza walikuwa wa kujitolea. Kambi ya Ruvu, jirani na Mlandizi, imepokea vizazi vingi vya vijana. Kwa watoto wa shule za msingi, mwongozo ulikuja mwezi Machi mwaka 1967 katika andiko la Mwalimu la Elimu ya Kujitegemea. Shule ziwe na mashamba, watoto wajue jembe kama wajuavyo kalamu. Nia ilikuwa njema, na penye mwalimu mwema watoto walijifunza kazi, wakala walichokilima. Lakini palikuwa pia na mahali ambapo jembe liligeuzwa adhabu, na shamba likawa la mtu mmoja. Mtoto anatambua upesi sana tofauti ya kusaidia na kutumikishwa. Kujitolea kwa amri hakumfundishi mtu kujitolea. Kunamfundisha kukwepa.

WIKI KUMI NA MBILI

Twende sasa mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika nchini kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Ujumbe wake kwa sehemu kubwa ulikuwa ule ule wa Vugiri: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Chombo chake kikuu hakikuwa sinema bali redio. Je, redio si sauti tu, na sauti si hupita upesi kuliko picha? Naam, hupita. Lakini safari hii wapangaji walikuwa wamejifunza.

Kwanza, kampeni haikuwa ya usiku mmoja. Ilikwenda kwa wiki 12. Pili, watu hawakusikiliza kila mtu kivyake. Walikaa katika vikundi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo. Tatu, palikuwa na kijitabu cha kusoma pamoja na kipindi. Nne, na hili ndilo kubwa, baada ya kusikiliza na kusoma kikundi kilijadili na kuamua: wiki hii tunafanya nini? Wakafyeka majani, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilivyochimbwa nchini kote vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa nani? Ni yule yule Rashidi Kawawa wa Muhogo Mchungu.

Basi kati ya mwaka 1935 na mwaka 1973 mnyoo wa safura hakubadilika, wala udongo wa Pwani haukubadilika. Nchi ilikuwa imepata uhuru, na hilo si jambo dogo, maana mtu huchimba kwa moyo anapojua anajichimbia mwenyewe. Lakini njia nayo ilibadilika. Mwananchi aliulizwa, akajibu, akatenda. Mtambaji wa jioni alikuwa amerudi, safari hii akisemea redioni, na kikundi ndicho kilichoitikia.

Na watoto walikuwa wapi? Hawakukaa pembeni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Walimu wa kulipwa hawakutosha hata kidogo. Kwa hiyo kazi ilifanywa na walimu wa kujitolea, wakiwamo vijana waliomaliza darasa la saba na hata wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi. Mtoto alimfundisha kusoma mtu wa umri wa mama yake. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Wakati mwingine tunapomwambia mtoto wa miaka kumi na miwili, “Wewe bado mdogo, nenda kacheze,” tukumbuke kwamba rika lake liliwahi kubeba sehemu ya mzigo wa taifa.

MIAKA YA KUFULI

Halafu mambo yakawa magumu. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya wote. Wanafunzi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kupita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni jambo la kujivunia. Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa ya vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni. Karatasi ikawa shida. Kitabu kimoja kikawa cha dawati zima, na mara nyingine cha madawati matatu.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo bado tunayo: desturi ya kufuli. Mwalimu mkuu aliyepokea vitabu ishirini alijua kwamba wakaguzi watakuja kuvihesabu. Kikikosekana kimoja ataulizwa yeye. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Aliviweka kabatini, akafunga, akaweka ufunguo mfukoni. Vitabu vikabaki vizuri, vyeupe, bila ya doa, na bila ya msomaji.

Juhudi za kuvunja hali hiyo zilifanyika. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa werevu. Mchapishaji alichapisha nakala 5,000 za kitabu cha hadithi za watoto, na mradi ukanunua 3,000 kati ya hizo na kuzigawa shuleni. Kwa njia hiyo mwandishi alipata moyo wa kuandika, mchapishaji hakuogopa hasara, na mtoto akapata hadithi ya Kiswahili yenye picha na watu anaowafahamu. Lakini hata kitabu hicho kikifika shule yenye kufuli, kinaingia kabatini pamoja na wenzake.

Wakati kabati limefungwa, mlango mwingine ulikuwa wazi. Vibanda vya video vilienea mitaani na katika miji midogo ya barabarani. Televisheni nayo ikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Mimi si katika wale wanaosema kibanda cha video ni shetani. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, yule bwana aliyezitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha kuchekesha, na watu walimpenda kwa sababu ile ile waliyompendea mtambaji wa zamani: alisema nao. Tatizo la kibanda ni kwamba hakiulizi umri wa anayeingia, na filamu ikiisha hakuna mtu mzima wa kuuliza, “Umeelewa nini?” Siku hizi kibanda hicho kimehamia katika simu ya mjomba, mtoto yuko peke yake nacho chini ya shuka, na hata kule kucheka pamoja hakupo.

Yapo pia mazuri, tusiyanyamazie. Mwaka 2014 vijana wa Kitanzania walianza kurusha katuni iitwayo Ubongo Kids, inayofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wakaweza kujibu maswali yake kwa ujumbe wa simu. Mnaona, ndugu wasikilizaji? Kila kilichofanikiwa kina mahali pa mtoto kujibu.

TUFANYE NINI LIKIZO HII

Naomba sasa niseme na wahusika mmoja mmoja.

Kwa mwalimu mkuu wa Mlandizi, Kisarawe na kwingineko: fungua kabati. Siku mbili kwa wiki zinatosha, saa mbili tu asubuhi. Chagua wanafunzi wanne wa darasa la sita wanaopenda kusoma, wape daftari la kuandika nani kachukua nini, na mzazi mmoja wa zamu awe karibu. Hakuna bajeti hapo. Watoto hao watakuwa wamejitolea kweli, maana watakuwa wameaminiwa. Kitabu kitakachochanika kichanike. Kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake, kilichokaa kizima kabatini ndicho kilichopotea. Na wakaguzi nao waache kumhesabia mwalimu vitabu vilivyopo tu, wamwulize pia vimesomwa na wangapi.

Kwa mzazi wa mjini: mtoto anapokwenda kwa bibi, pamoja na nguo zake tia vitabu viwili katika ule mfuko. Kimoja arudi nacho, kimoja akiache kule. Mwambie awasomee kwa sauti binamu zake walio wadogo, jioni, mbele ya bibi. Bibi naye atamlipa kwa hadithi ambayo haimo katika kitabu chochote. Usimwandikie ratiba ya masomo ya ziada tangu asubuhi hadi magharibi. Likizo ni likizo, na mtoto asiyepumzika hurudi shuleni akiwa amekwisha kuchoka.

Kwa habari ya filamu: mzazi au mjomba atazame pamoja na watoto angalau mara moja kwa wiki, kisha aulize maswali matatu. Nani alikosea? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Jambo gani haliwezi kutokea kweli? Maswali hayo matatu yanaigeuza filamu yoyote kuwa darasa, na hayagharimu kitu.

Na kwa afya: msimpe mtoto hotuba, mpeni kazi. Mpeni dumu dogo, kamba na kipande cha sabuni, atengeneze kibuyu chirizi kando ya choo, na yeye awe mlinzi wake likizo nzima. Mtoto aliyejenga mahali pa kunawia atawanawisha hata wageni. Avae kandambili hata anapokwenda uani. Asicheze katika madimbwi na mabwawa yaliyotulia, kwa maana humo wamo konokono wa kichocho, na asishuke Ruvu kuogelea, kwa maana humo wamo mamba, na mamba hangoji mtu afundishwe. Alale ndani ya chandarua. Dawa za minyoo na kichocho zinazogawiwa shuleni azimeze siku ya ugawaji, wala asizifiche chini ya ulimi. Dawa hizo zinasaidia kweli, ila hazichukui nafasi ya choo na viatu, kama ambavyo hazikuchukua mwaka 1935 wala mwaka 1973.

Ndugu wasikilizaji, Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Msemo huo nauheshimu, lakini wengi huushika vibaya, wakadhani mtoto ni wa kukunjwa tu kama kwamba hana la kusema. Historia yetu inatuonyesha kwamba mtoto wa nchi hii alipoitwa aliitikia, alipopewa kitabu alikisoma mpaka kikaisha jalada, na alipoombwa kumfundisha mama yake alimfundisha. Malori yamekuja na kuondoka, miradi imefunguliwa na kufungwa. Shule ya jirani bado ipo, na kabati lake lipo. Likizo ijayo ni ya miezi michache tu kuanzia sasa. Mwenye ufunguo tunamjua, basi tumwendee tukamwombe.